Dagaa, Nyuki na Diski za Ange

Ulyankulu, 12 Machi 2024

Mwanangu Dismasi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia, hata kama mdomo ulikuwa umejaa ugali. Ni mimi mama yako mkubwa Consolatha, dada wa marehemu mama yako, usije ukadhani ni Consolatha mwingine maana hapa Ulyankulu tumejaa. Mimi mzima. Goti la kushoto linajua mvua kabla ya redio, lakini huo si ugonjwa, hicho ni kipaji. Mbuzi amezaa pacha, mmoja anafanana na padri wetu wa zamani, sisemi zaidi. Mzee Shomari mrina asali, yule aliyekuwa akienda porini na marehemu mume wangu Karoli, bado anapanda miti. Wanawe wanamficha kamba, naye anasuka nyingine.

Anayeandika ni Recheli jirani, yule wa sauti ya pili kwenye kwaya. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asininyooshee maneno. Na usiulize kwa nini barua wakati watu wana simu. Simu yangu ilitumbukia kwenye sufuria ya maharage, ikaiva. Ya Ange ipo, lakini nikisema kwenye simu ya Ange, Ange anasikia, na haya sitaki mjukuu wangu ayasikie. Halafu simu ina haraka. Inakatika mimi nikiwa bado kwenye mbuzi.

Sasa kompyuta. Imefika, asante sana mwanangu, Mungu akuongezee. Babu yake Karoli alikuwa mpagazi, aliipiga hiyo njia ya Ujiji mpaka Tabora kwa miguu na pembe begani, akifika bega limechunika. Kompyuta yako imepita njia hiyo hiyo ndani ya treni imelazwa kwenye godoro kama bibi harusi. Dunia inakwenda. Ange akaifungua, akaiweka sebuleni, kile chumba alichokigeuza cha kurekodia kwaya. Amebandika magodoro ukutani, amenipokonya na blanketi langu la kijani akalitundika mlangoni. Sikusema kitu. Mtoto amesomea mambo ya sauti, sasa amesomea ili akae bure?

Lakini Dismasi, hiyo kompyuta inakoroma.

Ukiiwasha inakohoa kwanza. Halafu inasaga, krr, krr, kama mwanamke anasaga ulezi huku amenuna. Halafu inashika mngurumo mmoja, haiachi. Ange anasema ni diski, ziko mbili mle ndani, zinazunguka, ndizo zinazoweka nyimbo. Nikamwambia mbona mimi naweka nyimbo kichwani na kichwa hakizunguki. Hakucheka. Nikajua mambo ni mabaya.

Jumamosi walikuja kwaya. Wakaimba vizuri, hata mbuzi walinyamaza. Ange akawasikilizisha, na chini ya wimbo kuna mtu anaguna, mmmmm, tangu mwanzo mpaka amina. Mwalimu Manirakiza, yule mkuu wa kwaya, akasema hiyo ni besi, kuna mtu wa besi ana tabia ya kuguna. Ange akamwambia ni mashine. Manirakiza akasema mashine haina dini, haiwezi kushika sauti ya besi sawasawa namna hiyo. Akawapanga wanaume wa besi, akawaimbisha mmoja mmoja, wengine wote wamefumba midomo. Kila akirekodiwa mmoja, mguno upo. Mwisho wakamwangukia Raymundi, kwa sababu Raymundi hukoroma wakati wa mahubiri na kila mtu anajua. Raymundi akaapa kwa Mtakatifu mlinzi wake. Wakamweka nje, kule kwenye banda la mbuzi, wakarekodi bila yeye. Mguno upo. Manirakiza akasema basi anaguna akiwa huko huko bandani.

Nimecheka mpaka nimelala kwenye mkeka. Lakini jioni nilimwona Ange anakunja nguo zake.

Kuna mfanyabiashara kule Tabora mjini, Murtaza, mtu mzuri, ana duka la vyombo vya muziki, amemwambia Ange kuna chumba kitupu nyuma ya duka, aje arekodie huko. Begi liko chini ya kitanda. Halijafungwa zipu. Sisemi kitu. Mimi ni mtu mzima, nyumba nimeizoea, tangu Karoli afe nimeongea na kuku na wanajibu. Ange alikuja kunisalimia kwa wiki moja akakaa mwaka, ni hiari yake. Nasema tu kwamba kwaya wakirudi hapa mara ya pili wakasikia mguno, watakwenda mjini, na mwenye maiki atawafuata.

Niambie namna ya kuzinyamazisha hizo diski. Na jambo moja jingine, dogo. Ulisema ni mpya. Kitu kipya kinakohoa?

Mama yako mkubwa,
Consolatha


Kigoma, 9 Aprili 2024

Mama mkubwa, shikamoo.

Milele amina, na kweli nilikuwa nakula, ila ilikuwa mihogo. Barua yako nimeipata imelowa kidogo pembeni. Stela mke wangu anakusalimia, anasema hajawahi kusikia simu ya kuchemsha, ameomba nimsomee sehemu hiyo mara mbili. Watoto wanaendelea. Ziwa limejaa mpaka limekula barabara ya kwetu, tunazunguka.

Pole na mwalimu wa kwaya. Mpe pole zaidi Raymundi.

Mama mkubwa, diski za kuzunguka zina kelele zake, si ugonjwa. Ndani ni kama sahani, zinakimbia sana, na zile mbili zikikimbia pamoja zinatikisa bati la sanduku. Kwa hiyo kelele nyingi si za diski, ni za bati. Dawa yake: zima umeme kabisa, chomoa waya, fungua mfuniko wa pembeni, bana skrubu zote zilizolegea. Halafu kati ya diski na chuma kilichoishika, weka kitu laini, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kinatosha. Mtikisiko utakufa. Lakini afanye Ange mwenyewe, anaelewa. Mwambie tu.

Kuhusu upya, sanduku lilitoka dukani na nailoni yake, naamini mliiona.

Jitunze goti.

Mwanao,
Dismasi


Ulyankulu, 20 Mei 2024

Mwanangu Dismasi,

Tumsifu Yesu Kristo, na leo itikia umekaa, usiwe umesimama.

Huku wazima. Yule mbuzi anayefanana na padri amekula kitenzi cha Recheli (ni kitenge, lakini amesema nisimnyooshee. R.), na ulezi umekubali mwaka huu. Barua yako ilichelewa, yule kijana wa basi aliiweka chini ya kiti chake akaikalia mpaka Aprili ikaisha. Recheli alinisomea tumejifungia jikoni.

Sasa umeandika nimwambie Ange. Nimwambieje? Ataniuliza mpira na skrubu nimevijulia wapi, mimi ambaye darasa nililiona kwa dirishani. Atajua nimekuandikia. Atajua na mengine. Kwa hiyo Jumapili akiwa amekwenda misa ya pili, sisi tuliokwenda ya kwanza tukafanya tulivyoweza. Nilichomoa waya, hilo uandike ulisifu. Skrubu nilibana kwa kisu cha mezani. Kitu laini tukaweka. Tusiongee sana hapo.

(Mpira wa baiskeli haukupatikana. Ilikuwa nta, lile donge la nta la marehemu mzee Karoli. Mama yako mkubwa aliiyeyusha kwenye kikombe akapaka kila mahali kama anasiriba nyumba. Mimi nilishika mfuniko tu. R.)

Sijui Recheli ameandika nini hapo, ameandika kwa muda mrefu kuliko nilivyosema.

Basi, Ange akarudi akawasha. Dismasi, ilinguruma kama paka aliyeshiba. Mngurumo ulibaki kidogo, ule wa kukohoa ukafa kabisa. Ange akainama akasikiliza, akasema ajabu, zimezoea zenyewe. Mimi nikasema sifa kwa Mungu. Akanusa nusa akauliza mbona chumba kinanukia asali. Nikamwambia ni Mei, miti imechanua.

Wiki nzima nilikuwa na raha mpaka nikamkuta Manirakiza sokoni nikamnunulia karanga. Akakubali kwaya irudi Alhamisi.

Jumatano Ange hakuwasha, alikuwa anafua. Alhamisi wakaja, wote, na Raymundi amevaa shati la Krismasi maana alikuwa anakuja kujisafisha jina. Wakajipanga. Ange akawasha. Na ule mguno ukatoka, Dismasi, lakini si ule. Huu ulikuwa mkubwa, mnene, unapanda na kushuka. Manirakiza akageuka polepole akamtazama Raymundi. Raymundi akasema, mwalimu, safari hii hata mimi naogopa.

Ange akasogea kwenye sipiyu, lile sanduku la kompyuta, akagusa mfuniko. Mfuniko ambao kuna watu hawakuurudisha vizuri, sitaji mtu. Ukadondoka.

Nyuki.

Kundi zima, mwanangu. Wamening'inia kwenye zile diski kama ndevu. Kwaya ilitoka. Sijawahi kuona kwaya ikitoka namna ile, hawakupanga sauti wala urefu. Watatu walipita dirishani, na dirisha lile hapiti hata kuku mwenye adabu. Manirakiza alipita na blanketi langu la kijani, likamfunika kichwa, akaenda nalo mpaka kwenye ulezi, tunasikia tu sauti inasema nipo wapi, nipo wapi. Wa kwaya aliyebaki ndani ni Raymundi. Alisimama ukutani kwenye godoro amenyoosha mikono, anacheka mpaka machozi, anasema sasa mmeona, mmeona si mimi.

Wakaniita, nikaja na kanga kichwani. Ange alikuwa amechomoa waya, amekaa kwenye kiti. Nikatuma mtu kwa Shomari. Shomari akaja na moshi wake wa magome, Ange akamzuia mlangoni, akasema mzee moshi ukiingia mle ni kaburi. Wakabishana. Shomari anasema nyuki bila moshi ni ubishi, Ange anasema kompyuta kwa moshi ni maafa. Ikabidi mimi niseme. Nikamwambia Shomari hawa wametoka safarini juzi tu, hawana mtoto wala asali ya kulinda, Karoli angewachota kwa kibuyu kama uji. Akanitazama. Akaweka moshi chini. Akaleta mzinga wa zamani wa Karoli kutoka nyuma ya banda, akaingiza mkono taratibu na kibuyu, akawachota, malkia na wenzake, wakaingia mzingani wanalalamika kidogo tu. Sasa mzinga umetundikwa kwenye mti nyuma ya choo. Tunakwenda chooni kwa heshima.

Shomari alipokuwa anafuta yale mabaki mle ndani, akatoa kitu kwa vidole viwili. Akakiweka kwenye kiganja changu. Dagaa. Mkavu, ana macho. Alikuwa amebanwa chini ya diski ya pili, na chini yake kuna vumbi la magamba kama chumba cha mchuuzi. Dismasi mwanangu, kompyuta mpya ya kutoka dukani na nailoni yake. Mimi sisemi kitu. Nauliza tu, huko Kigoma dagaa siku hizi wanazaliwa na diski?

Ange hakucheka siku hiyo. Alicheka Raymundi peke yake. Begi sasa limefungwa zipu. Limetoka chini ya kitanda, limekaa karibu na mlango.

Mama yako mkubwa,
Consolatha


Kigoma, 11 Juni 2024

Mama mkubwa, shikamoo.

Barua hii nimeisoma mbele ya Stela na mama mkwe, nikashindwa kumaliza, akamalizia mama mkwe, naye akashindwa. Sasa hapa nyumbani mtu akichelewa kuoga tunamuuliza nipo wapi, nipo wapi.

Nina swali moja. Mtoto yeyote wa huko kwenu anajua mzinga mpya unapakwa kitu gani ili nyuki waupende. Wewe mke wa mrina asali, umepaka kitu hicho hicho kwenye sanduku lenye matundu, lenye joto zuri, mwezi ambao nyuki wanatafuta nyumba. Nimeyasoma maneno ya kwenye mabano. Mwambie Recheli asante.

Kuhusu dagaa, mtandao huku unasumbua, sikulipata vizuri swali lako.

Kwa basi hili hili la barua natuma kifurushi. Ndani yake kuna diski ya aina nyingine, ndogo kama kitabu cha sala, haina kitu kinachozunguka, haina sauti kabisa. Safari hii hata nailoni nimeacha muiondoe wenyewe. Ange ataifunga mwenyewe, mwambie imetoka kwangu, ni zawadi, sitaki neno la ziada. Na zile mbili za mwanzo naomba zirudi kwangu kimya kimya. Zisionyeshwe kwa fundi mwingine yeyote wa Tabora, hasa mtu anayenijua.

Mama mkubwa, halafu hili la begi. Umeniandikia mimi kurasa zote hizi. Yeye umemwambia?

Mwanao,
Dismasi


Ulyankulu, 3 Agosti 2024

Mwanangu Dismasi,

Tumsifu Yesu Kristo. Utaona barua ya leo herufi zake zimepigwa, hazijaandikwa. Recheli amekwenda Goweko kwenye harusi. Anayeandika ni Ange. Ndiyo. Ngoja nifike, usiniharakishe kama simu.

Diski yako ya kimya ilifika. Ange akaifunga, zile mbili akazitoa akaziweka kando. Akawasha. Hakuna kitu. Nikamuuliza mbona haiwaki. Akasema imewaka bibi, ona taa. Kwaya wakaja, Manirakiza akaangalia kwanza chini ya meza na kijiti, ndipo wakaimba. Wakasikilizishwa. Dismasi, pale chini ya wimbo palikuwa peupe kama kanisa Jumatatu. Ukasikia hata Raymundi akivuta pumzi kabla ya kushuka, na alishuka, mwanangu, alishuka mpaka mahali pa kutandika mkeka. Manirakiza akamshika mkono mbele ya watu. Blanketi langu alilirudisha pia, limefuliwa.

Nikafurahi kwa siku mbili hivi. Halafu nikaanza kuugua kitu sikijui jina.

Zamani nikiwa jikoni nikisikia krr, krr, mmmm, nilijua Ange yupo anafanya kazi. Nilikuwa namgombeza moyoni, nyamaza na mtambo wako, na roho imetulia. Sasa nyumba ikarudi ilivyokuwa Karoli alipokwisha kuzikwa na watu wakaondoka. Nachungulia mlangoni, blanketi limefunga. Naita, hajibu, ana yale madude masikioni. Nikawa nakwenda kuangalia begi. Begi lipo, narudi jikoni. Maharage yanaungua, nakwenda tena.

Siku moja asubuhi nikaenda, begi halipo.

Sikuita. Sikuangalia chumbani. Nilitoka na ndala moja, nyingine sijui niliiachia wapi, nikakimbia mpaka stendi. Goti lenyewe lilisahau. Basi la Tabora limewasha injini. Nikapanda, nikampita kondakta, nikawa natazama watu usoni mmoja mmoja, na waliolala nikawaamsha. Kuna mama nilimfunua kitambaa, kumbe ni wa Lusu, hatujuani. Kondakta akaniambia bibi shuka au lipa. Nikamwambia hili basi haliondoki na mtu wangu. Nikakaa kwenye ngazi. Abiria wakaanza kupiga kelele, dereva anapiga honi, mimi nimeshika mlango kwa mikono miwili. Na nyuma ya basi nikamwona Raymundi, kumbe aliniona napita mbio akamwita Ange, anakuja anakimbia, na nyuma yake Ange mwenyewe, yale madude yananing'inia shingoni na waya unaburuta vumbi.

Akasimama mbele yangu anahema. Akasema, "Bibi, unamtafuta nani?"

Nikasema, "Namtafuta anayeondoka bila kelele."

Akasema, "Mimi nilikuwa ndani. Begi nimelifua. Liko kwenye kamba, karibu na nyuki."

Watu wa basi wote wakachungulia madirishani, hata yule wa Lusu. Na mimi, mwanangu, mwanamke ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe, nilikosa. Nikatazama ule mguu wangu usio na ndala. Halafu nikasema, kwa sauti ndogo ambayo nadhani ni ya mtu mwingine, "Usiende mjini, Ange. Mimi naomba."

Akaniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Nikamwambia nilisema sana, ila nilimwambia Dismasi wa Kigoma. Akacheka, Dismasi. Alikaa chini kwenye ngazi ya basi akacheka mpaka kondakta naye akacheka, Raymundi akaanza kwa besi, basi likachelewa, na sisi tukarudi nyumbani kwa miguu, mimi nimevaa kiatu kimoja cha Raymundi.

(Murtaza nilishamjibu tangu Julai kwamba nitashuka mjini mara moja moja tu. Ukuta wa magodoro niliujenga mimi, nani angeniachia nyumba nyingine ya namna hii. Ila kwa kuwa bibi alikuwa hasemi, na mimi nilikuwa sisemi. Ange.)

Ameandika nini hapo? Anasema ameandika salamu.

Sasa kuhusu diski zako mbili. Haziji. Usizisubiri. Ange ametoboa ukuta kati ya sebule na chumba changu, akapitisha waya, akaziweka zote mbili kwenye sanduku lao miguuni pa kitanda changu. Anasema ni mahali pa kuwekea nakala za nyimbo, ile diski ya kimya ikiharibika. Mimi nakala sizijui. Najua kwamba akianza kazi upande wake, upande wangu zinakohoa, zinasaga, halafu zinaguna. Fundi gani wa Tabora nitamwonyesha vitu vyangu vya chumbani? Siri yako iko chini ya shuka. Yule dagaa ndiye shahidi aliyebaki, nilimtunza kwenye kopo ili nikuonyeshe ukija, lakini paka wa Recheli alimwahi. Kesi imefutwa.

Nta nilipaka mimi. Umefurahi? Na ningepaka tena, maana mzinga wa nyuma ya choo Shomari ameurina juzi. Chupa unayoiona kwenye kifurushi ni ya kwako na Stela. Asali ya kompyuta, waambie majirani, waulize kama wameshawahi kuila.

Njoo Krismasi. Utamsikia Raymundi.

Nataka kumaliza lakini Ange anasema nikimaliza atazima, kwa hiyo ngoja kidogo. Mbuzi hawajambo. Goti limerudi. Nimelala hapa kitandani nasema kupitia tundu la ukuta, yeye anapiga herufi upande wa pili, na hapa miguuni zinaguna, Dismasi, mmmmm, kila nikisema neno. Andika hivyo, Ange. Andika kwamba nazisikia.

Mama yako mkubwa,
Consolatha